Walimu wa Alasiri: Nusu Karne ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima

Sheria Namba 12 ya mwaka 1975 ndiyo iliyoifanya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kuwa chombo kinachojitegemea, na kwa hesabu hiyo mwaka 2025 Taasisi ilitimiza miaka 50. Katika maadhimisho ya namna hii husomwa majina ya wakurugenzi, huhesabiwa majengo na kampasi, na hutajwa idadi ya wahitimu. Hayo yana mahali pake. Lakini mwanakijiji wa Tanzania ya miaka ya 1970 hakuijua elimu ya watu wazima kwa mkurugenzi wala kwa sheria. Aliijua kwa kijana wa jirani aliyemaliza darasa la saba, ambaye alirudi kutoka shambani mchana, akanawa miguu, akachukua chaki zake na kwenda chini ya mwembe kuwafundisha kusoma akina mama na wazee wa kijiji chake. Historia hii naiandika kwa ajili ya huyo.

Mizizi ya Taasisi ni ya zamani kuliko sheria yake. Mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, Chuo cha Makerere cha Uganda kilifungua Dar es Salaam tawi la masomo ya nje ya chuo. Mwaka 1963 kazi hiyo ikawekwa chini ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, na jina la Taasisi likaanza kutumika. Shughuli zake za mwanzo zilikuwa mihadhara na madarasa ya jioni, na waliofaidika zaidi ni watu wa mjini waliokwisha kupata elimu kiasi: makarani, walimu, watumishi wa serikali. Ilikuwa kazi njema, ila haikumgusa mkulima wa Geita wala mvuvi wa Mafia.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya hesabu ambayo haikuwa na njia ya mkato. Mwaka 1964, alipowasilisha bungeni Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aliwaeleza wabunge kwamba watoto wanaosomeshwa leo watachukua miaka mingi kabla mchango wao haujaonekana katika uchumi, na kwa hiyo wa kuelimishwa kwanza ni watu wazima. Sensa ya 1967 ilionyesha ukubwa wa kazi: karibu asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Nani angewafundisha? Walimu waliosomea kazi hiyo hawakutosha hata kwa watoto. Kungoja vyuo vitoe walimu wa kutosha kungekuwa kuwaacha watu wa rika zima wazeeke na wafe bila kushika kalamu.

Jibu likawa kwamba anayejua amfundishe asiyejua, na asingoje kuitwa mwalimu. Mwaka 1969 elimu ya watu wazima iliwekwa chini ya Wizara ya Elimu ya Taifa, ikapewa idara yake na maofisa wake hadi wilayani. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, katika salamu za mwaka mpya, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Yalichaguliwa maeneo machache ya mfano, Mafia, Ukerewe, Masasi na Kilimanjaro yakiwamo, ili yatangulie kufuta ujinga. Kisha Septemba 1971 mkutano mkuu wa chama tawala, TANU, ukaweka azimio la nchi nzima: ifikapo mwisho wa 1975 kila mtu mzima awe anajua kusoma na kuandika.

Azimio kama hilo ni rahisi kulipigia makofi ukumbini. Uzito wake ulikuja kubebwa na makumi ya maelfu ya watu ambao hawakuwemo katika ukumbi huo.

Hebu tulitazame darasa lenyewe. Lilikaa alasiri, mara mbili au tatu kwa wiki, baada ya kazi za shamba na kabla ya kupika chakula cha jioni, kwa sababu wengi wa wanafunzi walikuwa wanawake na hakukuwa na saa nyingine waliyoweza kuiita yao. Mahali palikuwa popote: darasa la shule ya msingi watoto wakishaondoka, ofisi ya TANU, ghala la chama cha ushirika, ukumbi wa kanisa, kivuli cha mti. Ubao ulikuwa kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi. Mama alikuja na mtoto mgongoni, daftari likiwa limefungwa ndani ya pindo la kanga lisilowe. Mwalimu alikuwa mwenye umri wa mtoto wake wa tatu au wa nne.

Na hapo ndipo palipokuwa na ugumu ambao takwimu hazikuuonyesha. Kijana aliingia darasani akaanza kwa kuwaamkia wanafunzi wake: shikamoo mama, shikamoo baba, shikamoo babu. Nao wakaitikia marahaba mwalimu, wengine marahaba mwanangu. Aliyepaswa kusahihishwa daftari ni rafiki wa mama yake mzazi. Mzee aliyeshindwa kutofautisha b na d ni yuleyule aliyesimamia posa ya kaka yake mwezi uliopita. Mwalimu wa watoto angeweza kugomba, kucheka au kumwita mtu mbele ya wenzake. Huyu hakuwa na hata moja ya njia hizo. Akimkosea mwanafunzi heshima, kesho yake benchi lingekuwa tupu, na habari ingefika nyumbani kabla yake.

Nadhani hapa ndipo Taasisi ilipofanya kazi yake kubwa kuliko zote, ingawa ndiyo isiyoonekana sana. Haikuwa na uwezo wa kumpeleka mwalimu aliyefuzu katika kila kijiji. Iliweza, ikishirikiana na wizara, kumpa jirani aliyejitolea namna ya kumfundisha mtu mzima bila kumvunjia heshima. Semina za walimu wa kujitolea zilikuwa za siku chache tu. Zilifundisha kwamba mtu mzima haji darasani akiwa mtupu: anajua kilimo, anajua malezi, anajua kusuluhisha ugomvi, anajua majira ya mvua. Anachokosa ni herufi. Kwa hiyo mazungumzo yatangulie, herufi zifuate. Mwalimu auonyeshe mchoro, aulize watu wanaona nini, wabishane, wasimulie, ndipo neno litolewe katika mazungumzo hayohayo na kuandikwa ubaoni.

Njia hii ilipata sura yake katika mikoa ya Ziwa. Kuanzia 1968 hadi 1972 serikali, kwa msaada wa UNESCO na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, iliendesha mradi wa majaribio wenye makao yake Mwanza, ukahusu Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Uliitwa mradi wa kisomo chenye manufaa. Vitabu vyake 12 vya kusomea viliandikwa kwa Kiswahili kufuata kazi ambazo wasomaji walizifanya kila siku: pamba kwa Wasukuma, migomba kwa wakazi wa Bukoba, uvuvi kwa watu wa pwani ya ziwa, ufugaji, maarifa ya nyumbani.

Chukua somo la pamba. Mchoro unaonyesha mkulima akiwa na mavuno yake. Watu wanazungumza: kwa nini huyu amepata mengi na yule machache, amepanda lini, amepalilia mara ngapi, amepulizia dawa au hakupulizia. Mwalimu anaandika PAMBA. Anaigawa pa na mba. Kutoka pa wanapata pa, pe, pi, po, pu. Kutoka mba wanapata mba, mbe, mbi, mbo, mbu. Mtu anagundua kwamba kwa vipande hivyo anaweza kuandika mbu na pembe, na kama jina lake lina moja ya silabi hizo anaona sehemu ya jina lake imetokea ubaoni. Baadaye darasa linakwenda kwenye shamba la mfano, ambako nafasi kati ya miche inapimwa kwa namba zilezile zilizosomwa. Na msimu wa kuuza ukifika, mkulima anasimama mbele ya mizani ya chama cha ushirika akiisoma mwenyewe.

Mizani hiyo ilikuwa na maana kubwa. Yusuf Kassam, mwanazuoni aliyefanya kazi katika Taasisi, aliwahoji watu waliojifunza kusoma wakiwa watu wazima, akakusanya maelezo yao katika kitabu kilichochapwa Dar es Salaam mwaka 1979. Alichowauliza ni nini kimebadilika ndani yao tangu walipojua kusoma, na sauti alizozikusanya ni za watu waliokuwa wamezoea kuogopa: kuogopa karatasi, kuogopa ofisi, kuogopa kudanganywa bila kujua. Kitabu hicho kingestahili kusomwa upya na kila mwenye nia ya kuandika sera ya elimu, kwa sababu kinamwonyesha mtu pale tulipozoea kuona asilimia.

Wakati kisomo kikienea, Taasisi ilikuwa ikijaribu jambo jingine ambalo hatimaye lilikuja kujulikana duniani. Ilianza kidogo. Mwaka 1969 ilitumia redio na vikundi vya kusikiliza kueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo, katika kampeni iliyoitwa Kupanga ni Kuchagua. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya uhuru, ikaja Wakati wa Furaha, watu wakazungumzia historia yao wenyewe katika vikundi. Zilikuwa kampeni za kujifunzia, na waliojifunza zaidi walikuwa waandaaji.

Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya.

Ukubwa wake ni wa kushangaza hata leo. Katika nchi iliyokuwa na watu wasiozidi milioni 15, wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi vya kujifunza kwa wiki 12. Walioviongoza walikuwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na hakuna aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Walikuwa walimu wa shule na walimu wa kisomo, wajumbe wa chama, wakulima waliosoma kidogo. Walifunzwa kwa ngazi: timu ya taifa iliwafunza wa mikoa na wilaya, nao wakashuka hadi kwenye kata na vijiji kuwafunza viongozi wa vikundi katika semina fupi. Fedha nyingi zilitoka Sweden. Kazi yenyewe haikununuliwa na mtu.

Kikundi kilikuwa na watu kadiri ya kumi hadi ishirini. Siku ya mkutano walikusanyika kwenye redio, wakasikiliza kipindi cha wiki hiyo kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ikizimwa, kiongozi alifungua kitabu cha kampeni. Kiliandikwa kwa maneno mepesi ili hata aliyekuwa bado anajifunza kusoma aweze kukifuata, na betri zikiisha kitabu kilitosha. Wiki moja ilikuwa ya malaria, nyingine ya kichocho, ya kuhara damu, ya minyoo ya safura, ya kifua kikuu. Kiongozi hakuhutubia. Aliuliza: ugonjwa huu upo hapa kwetu? Nani amewahi kuugua? Unatoka wapi? Tufanye nini wiki hii, kabla hatujakutana tena?

Swali la mwisho ndilo lililokuwa na nguvu. Hakikuwa kipindi cha kusikiliza na kwenda kulala. Kikundi kilichozungumzia malaria kilifyeka majani kuzunguka nyumba na kufukia madimbwi. Kilichozungumzia minyoo kilichimba vyoo, na kiongozi wa kikundi alianza kwake, kwa sababu angewezaje kuwauliza wenzake kuhusu choo wakati hana? Ilipofika mwisho wa kampeni vyoo vya shimo vilivyokuwa vimechimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Palikuwa na vitenge vilivyochapwa kwa ajili ya kampeni, palikuwa na nyimbo, na nina hakika vilisaidia. Lakini kitenge hakichimbi choo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali, zote kwa mpango uleule wa redio, kitabu na jirani anayeongoza mazungumzo.

Viwandani na maofisini nako kulikuwa na walimu wa aina hii. Agizo la Waziri Mkuu Rashidi Kawawa la mwaka 1973 lilizitaka sehemu za kazi zitenge muda wa kusoma ndani ya saa za kazi, na aliyekuwa karani au fundi mwenye elimu zaidi akawa mwalimu wa mfagizi na mbeba mizigo.

Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa kwanza wa kisomo wa nchi nzima. Wakati huo waliokuwa wamejiandikisha madarasani walizidi milioni 5. Matokeo yalipangwa katika hatua nne. Aliyefika hatua ya tatu aliweza kusoma na kuandika habari fupi nyepesi. Aliyefika ya nne aliweza kusoma gazeti, kuandika barua na kuweka hesabu zake. Siku hiyo watu wenye mvi walikaa kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, magoti yakigusa ubao wa juu, wakaandika majina yao kwenye karatasi ya serikali. Waliokuwa hawajui kusoma walishuka hadi asilimia 39. Mtihani wa 1977 ukaonyesha asilimia 27, wa 1981 asilimia 21, wa 1983 asilimia 15, na wa 1986 asilimia 9.6. Ni nchi chache sana za Afrika zilizowahi kwenda kasi hiyo.

Ni haki pia kusema yasiyopendeza. Kuna mahali ambapo viongozi walitumia sheria ndogo na faini kuwasukuma watu darasani, na mtu aliyesukumwa hukariri ili aachwe. Wengi wa waliohesabiwa kuwa wanajua kusoma walikuwa wamefika hatua ya tatu tu, na asiyekuwa na cha kusoma kijijini alianza kurudi nyuma mara moja. Taasisi na wizara walilijua hilo. Maktaba za vijijini zilifunguliwa, magazeti ya wasomaji wapya yakachapwa, likiwamo Elimu Haina Mwisho la kanda ya Ziwa, na mwaka 1975 vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, ili aliyemaliza kisomo apate useremala, ushonaji, kilimo. Hata hivyo gazeti halikufika kila mwezi, na miwani ya kusomea kwa macho ya mtu wa miaka 50 haikuwa kitu cha kupatikana dukani.

Na walimu wa kujitolea? Waliwekewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Hata kwa bei za wakati ule zilikuwa fedha ndogo, na zilitolewa kama shukrani, si mshahara. Tatizo ni kwamba mara nyingi zilichelewa, au hazikufika kabisa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta ikiwa juu na sukari na sabuni zikiwa adimu, shukrani yenyewe ilikoma mahali pengi. Kijana aliyeahidiwa shilingi 30 akazikosa kwa miezi, huku ofisa aliyezungumzia kujitolea akipokea mshahara wake kila mwisho wa mwezi, alikuwa na haki ya kuuliza ni nani hasa anayejitolea. Wengi waliacha. Siwezi kuwalaumu, na ningependa maadhimisho yawataje nao, maana waliacha baada ya kutoa miaka. Madarasa yalipungua, taa za chemli zikakosa mafuta, vitabu vikakosa karatasi. Kufikia miaka ya 1990, baada ya masharti ya kubana matumizi ya serikali, madarasa ya ngumbaru, kama watu walivyoyaita madarasa ya kisomo, yalikuwa yamebaki kumbukumbu katika sehemu nyingi za nchi.

Ndani ya miaka hiyohiyo ya shida Taasisi ilikuwa na kazi nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni elimu kwa njia ya posta. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 kuamua kwamba kila mtoto apate nafasi ya elimu ya msingi ifikapo 1977, walihitajika walimu kwa maelfu, na vyuo havikuweza kuwatoa. Vijana waliomaliza darasa la saba walipewa madarasa katika vijiji vyao huku wakijifunza ualimu hapohapo kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa walimu wazoefu. Walidharauliwa sana, na bado kuna wanaowacheka wakisikia habari za walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote. Waliofundishwa nao alfabeti wakawa madaktari na wahandisi. Ningewaomba wakumbuke ni nani aliyewashikisha penseli.

Jina la Taasisi lilivuka mipaka. Mwalimu wa Brazil, Paulo Freire, alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuzungumza na watu wa Taasisi, ambayo miongoni mwa walioiongoza katika miaka hiyo walikuwa Paul Mhaiki na Daniel Mbunda. Budd Hall, mtafiti aliyefanya kazi pale, aliondoka na wazo ambalo lilikuwa limemjia Tanzania: kwamba utafiti kuhusu wanakijiji ufanywe pamoja na wanakijiji, nao wawe wenye maswali. Marja-Liisa Swantz wa Ufini alikuwa akifanya jambo lilelile, na mradi wa Jipemoyo wa wilaya ya Bagamoyo ukawa mfano wake. Leo utafiti shirikishi unafundishwa katika vyuo vikuu vya kila bara. Juni 1976 wataalamu wa elimu ya watu wazima kutoka pande zote za dunia walikutana Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere akawahutubia. Walikuja kuona kilichofanyika. Na kilichofanyika kilikuwa kimefanywa alasiri, chini ya miembe, na watu wenye vyeti vya darasa la saba.

Taasisi yenyewe haikufa. Ina makao makuu Dar es Salaam, kampasi Morogoro na Mwanza, na wakufunzi wakazi mikoani. Inatoa astashahada, stashahada na shahada. Imeshiriki katika MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, ulioanza kama majaribio mwishoni mwa miaka ya 1990, na katika MUKEJA, unaoyaunganisha masomo ya watu wazima na shughuli za jamii. Siku hizi ina IPOSA kwa vijana walio nje ya shule, ambako kusoma kunakwenda pamoja na ufundi. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2021 kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi, njia mbadala ya sekondari inayoendeshwa na Taasisi imekuwa mlango kwa wengi wao wasiotaka au wasioweza kurudi kukaa darasani na wadogo zao.

Kazi bado ipo. Sensa ya 2012 ilionyesha kiwango cha kujua kusoma na kuandika cha asilimia 78 hivi, na ya 2022 asilimia 83. Takwimu hizo na za 1986 hazikupimwa kwa njia moja, kwa hiyo haifai kuzipambanisha namba kwa namba, lakini hata bila kufanya hivyo inaonekana kwamba mamilioni ya Watanzania bado wanawaomba wengine wawasomee ujumbe wa simu. Hapo ndipo ninapoona hatari ya kuiadhimisha Taasisi kama chuo tu kati ya vyuo. Vyuo vinavyotoa shahada ni vingi. Chombo kilichowahi kuwaandaa viongozi 75,000 wasiolipwa kwa msimu mmoja ni hicho kimoja, na ujuzi wa namna ya kufanya hivyo umo katika vichwa vya watu ambao sasa ni wazee.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1971, TANU ilipotoa azimio lake, sasa ana zaidi ya 70. Wengine wamekwisha kutangulia. Majina yao yaliandikwa katika rejesta za madarasa na orodha za posho zilizokaa katika ofisi za elimu za wilaya, na karatasi za namna hiyo huliwa na mchwa, hulowa, huchomwa ofisi ikihamishwa. Waliofundishwa nao, akina mama waliofunga daftari ndani ya pindo la kanga, ni wazee zaidi yao. Taasisi ina mkufunzi mkazi mkoani. Ana wanafunzi wa stashahada wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Wapewe kinasa sauti, au simu tu, watumwe Ukerewe, Masasi na Mafia kwanza, wabishe hodi, waamkie, waulize mama huyu alifundishwa na nani, na jina waliandike kwa ukamilifu wake.